Dhoruba imepita, jua limewaka: mwanangu aende mlimani?

"Assalaam alaykum. Mie ni mama wa watoto wanne, niko Malindi. Kifungua mimba wangu ana miaka 23, na tangu Disemba yuko Italia, bonde la Val di Fassa huko Trentino, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii wa theluji. Kiitaliano nakijua, nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba za Waitaliano hapa Casuarina, lakini theluji sijaiona ila kwa picha. Juzi walipigwa na dhoruba siku tatu, theluji ikafika magotini mlangoni mwa hoteli. Sasa jua limetoka, na Jumapili ndiyo siku yake ya mapumziko. Wenzake watatu wamemwalika wapande kwa miguu, wamevaa zile ciaspole, viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, mpaka kwenye rifugio moja, nyumba ya kupumzikia wapanda milima, iliyo juu kabisa, wanywe chai warudi. Nilipomwambia naogopa maporomoko ya theluji, alicheka. Anasema theluji haianguki mpaka watu wapige kelele, na wao watakwenda kimya. Anasema njia imeshakanyagwa na watu waliotangulia. Na anasema tangazo la hatari limetoa 3 kati ya 5, yaani katikati, si vibaya. Babake ni nahodha, naye amesimama upande wa mwanawe: dhoruba ikipita imepita, siku ya kusafiri ndiyo hiyo. Nimebaki peke yangu na hofu yangu. Je, naogopa bure? Na kama si bure, nimwambie nini kijana asiyeambilika?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Huogopi bure. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimejiona mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wa mwanao. Nilikwenda mabonde yaleyale kwa kazi ileile ya jikoni, nikakaa miaka tisa, na katika miaka hiyo nikasomea mambo ya theluji na kutoka na waokoaji wa milimani. Yote aliyokwambia kijana wako niliwahi kuyaamini, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo kweli. Sitakwambia umzuie asitoke nje majira yote ya baridi. Milima ile ni neema ya Mungu, na ziko siku na njia ambazo mtu anatembea salama tangu asubuhi mpaka jioni. Lakini Jumapili hii, kwa njia unayoieleza, maswali ni mengi kuliko majibu.

Nianze na babake, kwa kuwa neno la nahodha lina uzito nyumbani. Baharini anasema kweli. Upepo ukilala, mawimbi nayo hulala, na baada ya siku moja mashua zinatoka. Ila mwombe aukumbuke mto Sabaki. Mvua inanyesha bara, juu huko kwenye milima ya Wakamba na Wakikuyu, kisha inakatika. Hapa Malindi jua linawaka, hakuna wingu. Siku kadhaa baadaye mto unashuka mwekundu, umebeba magogo, na bahari inageuka rangi ya udongo. Hakuna nahodha mwenye akili anayetia nanga mlangoni mwa Sabaki kwa sababu tu mvua imeshakatika. Anajua kwamba mvua imeacha mzigo, na mzigo huo bado uko njiani.

Theluji iko hivyo. Dhoruba ya siku tatu imepakia mzigo juu ya miteremko, na kukatika kwa dhoruba hakukuushusha. Umebaki pale ukiwa mzito, mpya, haujashikamana na ulichokalia. Siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba inaogopwa na kila mtu anayeifahamu milima ile, kwa sababu mambo mawili hukutana: theluji haijatulia, na watu waliofungiwa ndani siku tatu wanatoka wote kwa pamoja na furaha zao.

Sasa naomba unisikilize kidogo kuhusu namna jambo lenyewe linavyotokea, maana ukilielewa hili, mengine utayajibu mwenyewe.

Nenda jikoni. Chukua sinia la bati, nyunyiza sukari mpaka ilifunike lote, kisha laza juu yake kibao cha kusukumia chapati. Inua sinia upande mmoja, polepole. Mwanzo hapatokei kitu. Unaendelea kuinua, bado kimya. Halafu, kwa ghafla, kibao kinaondoka. Hakivunjiki pembeni, hakitoki kipande kipande. Kinateleza chote kwa mkupuo mmoja. Hapo umeona poromoko la bamba, na ndilo linaloua watu wengi zaidi wanaotembea milimani.

Sisi watu wa pwani tukisikia habari hizi tunawaza donge la theluji likibingirika kutoka kileleni, likikua, likimfikia mtu aliyesimama chini bila kosa lake. Mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Mtu mwenyewe yuko juu ya bamba. Uzito wake ndio unaovunja lile tabaka dhaifu chini, ile sukari, na mvunjiko huo unakimbia chini ya theluji pande zote kwa kasi asiyoweza kuikimbia. Ufa unafunguka juu yake, na uwanja mzima aliosimama unaanza kwenda. Katika ajali zinazoua, takriban tisa kati ya kumi, poromoko liliangushwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Mimi nalihesabu hili kuwa habari njema. Maana yake ni kwamba ajali nyingi hazimwangukii mtu kama radi, bali hutokana na njia aliyoichagua, na njia inaweza kuchaguliwa nyingine.

Uzito wake nao ni vigumu kuufikiria kwa mtu ambaye theluji ameiona kwa picha, ikionekana kama pamba. Chukua bamba la mita 50 kwa mita 50, lenye unene wa nusu mita tu. Hilo kwa milima ile ni dogo. Theluji iliyopigwa na upepo huwa na uzito wa kilo 200 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Piga hesabu: tani 250. Ni malori 25 ya tani kumi kumi ya mchanga, yakishuka kwa pamoja kwa kasi ya gari la barabara kuu. Na yakisimama, theluji ile iliyokuwa laini hukaza papo hapo kama zege. Aliyefukiwa hawezi kuinua hata kidole.

Ile sukari inatoka wapi? Mwanzoni mwa majira ya baridi theluji huwa haba, na usiku wa anga safi baridi hushuka mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi. Ardhi chini ya theluji hubaki karibu na sifuri. Basi mvuke unapanda kutoka chini kwenye joto kuelekea juu kwenye baridi, na ukipita unazigeuza chembe za theluji kuwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kupitia vidole kama sukari ya dukani. Theluji nyingine inakuja inazifunika. Juu panaonekana peupe, pazuri, pamoja. Chini sukari imekaa palepale, na inaweza kukaa wiki nyingi, hasa kwenye miteremko inayoelekea kaskazini ambako jua la Januari halifiki. Milima ya Dolomiti, ambamo bonde la mwanao limo, inajulikana kwa hali hii miaka ambayo Disemba haina theluji ya kutosha.

Na kibao kinatoka wapi? Hapa msaidizi mkubwa ni upepo. Wajerumani husema upepo ndiye mwashi wa maporomoko, na mwana wa Malindi hahitaji kusafiri ili aelewe. Nenda Mambrui, kwenye vile vilima vya mchanga. Upande unaopigwa na upepo umelala, unaupanda bila kuhema. Ukifika ukingoni, upande wa pili umesimama, maana mchanga wote umebebwa na kumwagwa huko kwenye kivuli cha upepo. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukijirusha pale na mchanga ukishuka nasi. Upepo wa dhoruba unaifanyia theluji hivyohivyo: inapoanguka sentimita 30, upande mmoja wa mgongo wa mlima unaweza kubaki mwamba mtupu na upande wa pili ukarundikwa mita nzima. Tofauti ni kwamba mchanga mkavu haushikani, kwa hiyo unashuka kidogo kidogo chini ya miguu. Theluji iliyosagwa na upepo inashikana, inakuwa ngumu kama ubao, na mtembezi anaifurahia kwa kuwa haizamishi mguu. Ugumu huo unamdanganya.

Vilima vya Mambrui vinafundisha jambo jingine, nalo ni mwinamo. Mchanga mkavu haukai ukiwa umeinama zaidi ya nyuzi 34 hivi, ukizidi unamwagika. Theluji nayo ina kiwango chake. Mabamba mengi huanguka kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45, na hasa karibu na 38. Chini ya 30 ni nadra. Zaidi ya 50 theluji inakuwa inamwagika yenyewe kila mara, hairundikani. Nyuzi 30 hadi 35 ndiyo ngazi ya kawaida ya nyumba. Basi mwambie mwanao: kila anapotazama mteremko akaona umesimama kama ngazi ya nyumba au kuzidi, yuko mahali panapoweza kuondoka. Simu yake inaweza kuupima, na zipo ramani za kule zilizotiwa rangi kwa mwinamo.

Mwaka wangu wa tatu tulikuwa watu watatu, tukivuka uwanda ulio karibu sawa, siku ya pili baada ya theluji kubwa. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Tulikuwa tunazungumza habari za mshahara. Nikasikia sauti chini ya miguu ambayo sitaisahau, mvumo mzito, kama gunia la mchele lililotupwa kwenye sakafu ya mbao katika chumba cha jirani. Nikahisi ardhi imeshuka kidogo, kama kidato. Kisha, upande wetu wa kushoto, kwenye mteremko ambao hatukuwa tumeukanyaga na ambao ulikuwa mbali nasi kwa zaidi ya mita 60, ufa ukafunguka kama mtu anayepasua kitambaa, na kipande cha mlima kikashuka. Hatukuguswa. Tulisimama tukitazamana bila neno. Sisi ndio tuliokiangusha kile kipande, kutoka mahali ambapo wenyewe tulikuwa salama. Tabaka dhaifu lilivunjika chini yetu, na mvunjiko ukasafiri mpaka ukaukuta mteremko mkali.

Sauti hiyo ikisikika, safari imekwisha. Vivyo hivyo nyufa zinazokimbia kutoka kwenye viatu, na vivyo hivyo poromoko jipya linaloonekana popote kwenye mteremko unaoelekea upande uleule mnaokwenda. Mlima hautoi ishara iliyo wazi kuliko hizo. Lakini usimwache akaamini kwamba zisipokuwapo basi ni salama, maana mara nyingine ishara ya kwanza ndiyo ajali yenyewe.

Tuje sasa kwenye maneno ya kijana.

Kelele. Hii ni hadithi ya sinema. Sauti ya mtu haina nguvu ya kuvunja tabaka la theluji, hata akipiga mayowe. Kinachovunja ni uzito wa mwili, theluji mpya, mvua, joto, au baruti zinazopigwa makusudi na wanaolinda njia za kuteleza kwa ski. Ubaya wa hadithi hii ni kwamba inampa mtu dawa ya uongo. Anakwenda kimya, anajiona ametahadhari, kumbe miguu yake ndiyo inayofanya kazi yote.

Njia iliyokanyagwa. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa nimewaona wenye uzoefu wakianguka hapa. Kuwa watu kumi wamepita hakuthibitishi kwamba wa kumi na moja atapita. Tabaka dhaifu halina nguvu sawa kila mahali. Pana sehemu bamba ni nene, uzito wa mtu haufiki chini, na pana sehemu, labda karibu na mwamba au ukingoni, ni jembamba na hapo linavunjika. Mtu anaweza kuwa wa kwanza kukanyaga hapo hata akiwa wa ishirini kupita. Na waliopita asubuhi walipita kwenye baridi, huenda wao watapita adhuhuri jua limeshapasha upande wa kusini. Tena, nani aliyekwambia waliotangulia walikuwa wanajua? Nyayo zinaonyesha mtu alipokwenda. Hazionyeshi alichokijua.

Halafu kuna wale wanaosema, "sisi tunapita chini tu, bondeni, hatupandi mteremko". Ikiwa juu ya njia kuna mteremko mkali uliopakiwa theluji, njia hiyo haiko salama kwa kuwa yenyewe ni tambarare. Tarehe 18 Januari 2017, huko Rigopiano katika mkoa wa Abruzzo, baada ya theluji nyingi sana na siku ya matetemeko ya ardhi, poromoko lilishuka likaikuta hoteli nzima iliyokuwa chini. Watu 29 walikufa, nao hawakuwa wakipanda popote. Korongo ni baya kuliko yote, hata kwa poromoko dogo, maana theluji haina pa kutawanyika. Inajaa humo na kumfukia mtu kwa kina.

Ile 3 kati ya 5. Wewe Kiitaliano unakijua, basi lisome neno lenyewe. Kipimo cha Ulaya kina ngazi tano: debole (ndogo), moderato (ya wastani), marcato (iliyokolea), forte (kubwa), molto forte (kubwa sana). Ya tatu ni marcato. Hawakuiita ya kati. Na ngazi hizi hazipandi kama namba za darasani, moja mbili tatu. Kila ngazi hatari inazidishwa. Ngazi ya 5 ni nadra, hiyo ni siku ya vijiji kuhamishwa na barabara kufungwa. Ngazi ya 3 maana yake ni kwamba kwenye miteremko mikali mtu mmoja tu anaweza kuangusha bamba, na kuyatambua maeneo hayo kunahitaji jicho lililofunzwa. Ndiyo maana vifo vingi zaidi vya watembezi na watelezaji hutokea siku za 3. Siku za 4 na 5 watu wanabaki ndani. Siku za 3 anga ni la buluu, theluji ni mpya, na namba inaonekana ya kawaida.

Kuna jambo hukuliuliza lakini limo ndani ya barua yako: wenzake watatu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Ian McCammon, alizichambua ajali 715 za maporomoko nchini mwake ili aelewe kwa nini watu wenye elimu ya theluji nao hufa. Alichokikuta kinahusu binadamu zaidi ya theluji. Mtu anaizoea njia akaacha kuitazama. Kundi limeshaamua, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi. Yupo mmoja anayeonekana anajua, wote wanamfuata, naye huenda hajui zaidi yao. Kijana wa Kiafrika wa jikoni, mgeni, amealikwa na wenyeji kwa mara ya kwanza. Fikiria ilivyo vigumu kwake kusema "mimi naona tusivuke hapa". Nilikuwa yeye. Nilinyamaza mara nyingi kwa kuona kwamba mlima ni wao. Mwambie, tena mwambie kwa maneno haya ikibidi, kwamba kanuni ya mlimani ni moja kama ya chomboni: mmoja akisema turudi, wote wanarudi, na haulizwi zaidi.

Kuhusu vifaa nitasema wazi. Kila mtu kwenye kundi anatakiwa awe na vitu vitatu. Cha kwanza ni ARTVA, kifaa kidogo kinachovaliwa kifuani chini ya koti, kinachotuma mawimbi ya redio ili wenzako wakutafute ukifukiwa. Cha pili ni sonda, ufito mrefu unaokunjwa, ambao ukiufungua unakuwa kama pondo la mashua. Unachomwa kwenye theluji mpaka uguse mwili. Cha tatu ni beleshi la chuma. Tangu Januari 2022 sheria ya Italia inavidai vyote vitatu kwa wanaotembea kwa ciaspole na watelezaji wa nje ya njia rasmi, mahali penye hatari ya maporomoko. Simu haiwezi kufanya kazi ya ARTVA, tena iwekwe mbali nayo kwa sababu inaivuruga.

Sababu ya kuvihitaji ni saa. Anayefukuliwa ndani ya dakika kumi za mwanzo ana nafasi ya kama tisa kati ya kumi ya kuwa hai. Ikifika nusu saa, nafasi hiyo imeporomoka mpaka kama tatu kati ya kumi. Wengi hufa kwa kukosa hewa, na karibu robo kwa majeraha ya kugongwa na miti na miamba. Helikopta ya waokoaji, hata wakiwa hodari namna gani, na ni hodari sana, mara nyingi haifiki ndani ya dakika kumi. Kwa hiyo mwokoaji wa mwanao ni wale wenzake watatu, na mwokoaji wao ni yeye. Kumfukua mtu aliye chini kwa mita moja ni kuhamisha tani moja ya theluji au zaidi; jaribu kwa mikono. Na kuwa na kifaa bila kukifanyia mazoezi ni kama kuwa na boya lililofungiwa stoo.

Pamoja na hayo, nisije nikakupa faraja isiyokuwapo: vifaa vyote vitatu vinasaidia baada ya kosa kutokea. Havizuii bamba kuondoka. Aliyevaa ARTVA akajiona ana kinga ameelewa kinyume.

Basi afanye nini Jumapili? Nimeziwaza njia tatu, na nitakwambia ninavyoziona.

Anaweza kungoja. Theluji mpya mara nyingi hutulia na kushikana baada ya siku mbili tatu, na mabamba ya upepo nayo baada ya siku kadhaa. Lakini kama chini pana ile sukari, kungoja siku tatu hakutoshi. Inaweza kuwa wiki. Tangazo la kule husema wazi: ukiona "strati deboli persistenti", yaani tabaka dhaifu zinazodumu, ndiyo hiyo, na mimi mwaka kama huo miteremko mikali ya kaskazini siigusi kabisa mpaka tangazo libadilike.

Anaweza kwenda na kiongozi wa mlimani mwenye leseni, guida alpina. Karibu kila bonde lina ofisi yao. Wana safari za kundi za ciaspole, na wakigawana gharama wanne haiwi kubwa sana, ingawa kwa mshahara wa jikoni najua itauma. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza naona hii ndiyo pesa bora anayoweza kutumia majira haya. Kiongozi atawaonyesha kwa macho ninachohangaika kukueleza kwa maneno, na huenda akakataa kwenda huko juu akawapeleka kwingine. Hilo nalo ni somo.

Njia ya tatu ndiyo ningeichagua mimi kama fedha hakuna: waende kwingine. Bonde lile lina njia za msituni na za kando ya mto zenye mwinamo mdogo. Zipo rifugio zinazofikiwa kwa njia ambazo hazipiti kwenye mteremko mkali wala chini yake. Wenyeji wa ofisi ya utalii au ya viongozi watamwambia ni zipi zimefunguliwa baada ya dhoruba. Chai ni ileile. Asitegemee miti peke yake, maana msitu mwembamba ambao mtu anapita ndani yake kwa raha hauizuii theluji. Ni msitu mnene sana tu unaosaidia.

Umesema haambiliki. Vijana hawaambiliki, lakini huulizwa, na swali ambalo hana jibu lake litamsumbua zaidi ya katazo. Muulize: njia yenu sehemu iliyosimama zaidi ni nyuzi ngapi, na juu yake kuna nini? Inaelekea kaskazini au kusini? Nani kati yenu hana ARTVA, na mara ya mwisho mlifanya mazoezi ya kutafutana lini? Mkifika mahali pabaya mtapita mmoja mmoja, au kwa pamoja mkiongea? Nani anajua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi? Ikiwa maswali mawili katika haya hana jibu, safari hiyo haijawa tayari, na hilo ataliona mwenyewe kabla hujamaliza kuuliza.

Akae hata siku moja na watu wanaofundisha, ana kwa ana. Mafunzo ya mwanzo ya maporomoko hutolewa na viongozi wa mlimani na vyama vya wapanda milima, na hakuna barua yangu wala video inayoweza kushika nafasi ya kuchimba shimo kwenye theluji ukaitazama ile sukari kwa jicho lako. Na kama, Mungu apishe mbali, mwenzao akichukuliwa: wakaze macho mahali alipoonekana mwisho, mmoja apige 112, waliobaki wabadilishe ARTVA zao kutoka kutuma kwenda kutafuta, waanze pale pale. Mtu asikimbie bondeni kuita msaada akawaacha wenzake wachache.

La mwisho ni kazi yako wewe, na unaiweza kuliko wengi kwa sababu lugha unayo. Tangu 2018 Trentino, Alto Adige na Tirol ya Austria wana tangazo moja la hali ya theluji, linatoka kila siku saa kumi na moja jioni kwa saa zao kuhusu siku inayofuata. Hapa Malindi inakuwa saa moja usiku. Jumamosi ukishaswali Magharibi ulifungue kwenye simu, utafute eneo la Val di Fassa. Usiishie kwenye namba. Utaona mchoro mdogo wa dira unaoonyesha miteremko ya upande gani ndiyo mibaya, na picha ya mlima inayoonyesha ubaya unaanzia urefu wa mita ngapi. Kisha maelezo ya maandishi, ukiangalia kama wametaja "neve ventata", theluji iliyobebwa na upepo, au zile "strati deboli". Babake akae karibu asikilize. Halafu mpigie mtoto, umsomee hayo kwa Kiitaliano, na umuulize rifugio yao iko mita ngapi, na mteremko wake unatazama wapi.